Simu nimelipia mimi, ufunguo kabaki nao mtengenezaji

Wakuu, salaam. Nimekasirika na sitajifanya nimetulia.

Wiki iliyopita niliketi na simu yangu mezani kwa karibu saa nne. Simu nzima kabisa: kioo hakina mkwaruzo, betri inafika jioni, kamera inapiga picha safi. Ila mtengenezaji ameacha kuiletea masasisho, na programu moja baada ya nyingine zinaanza kuikataa. Ina miaka mitatu tu! Nikasema sawa, LineageOS ipo, kuna watu wanajitolea muda wao kutunza mfumo wa Android kwa simu ambazo watengenezaji wamezitelekeza. Nitaflashi, yaani nitauondoa mfumo wa kiwanda niweke huo.

Nikaizima, nikabana kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, ikaja ile skrini nyeusi yenye maandishi madogo kama sisimizi. Nikachomeka waya kwenye kompyuta, nikaandika amri ya kufungua butloda, ile programu ndogo inayoiwasha simu na kuamua mfumo gani upakiwe. Jibu lilikuwa mstari mmoja: hairuhusiwi. Nikarudia kwa waya mwingine, kwa kompyuta nyingine. Hairuhusiwi.

Na nani? Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wamejibu kwa adabu kwamba hawatoi namba za siri za kufungulia butloda kwa ajili ya usalama wangu, halafu wakaniwekea kiungo cha simu zao mpya. Yaani nimewaomba ufunguo wa nyumba niliyolipia, wananionyesha nyumba nyingine ya kununua.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ndani ya simu hiyo kiini cha mfumo ni Linux, na Linux iko chini ya GPL toleo la 2, leseni ya programu huria. Leseni hiyo inamtaka anayesambaza programu atoe na msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya waandishi wa programu yanayosomeka na kubadilika, na kampuni imeutoa. Nimeupakua, ninao hapa. Naweza kuusoma, kuurekebisha, hata kuukusanya upya ukawa kiini kipya. Lakini simu ikiwaka inakagua saini ya kidijitali ya mfumo kwanza, na isipokuta saini ya kiwanda inagoma. Wamenipa mapishi ya chakula, jiko wamelitia kufuli.

Mchezo huu si mpya. TiVo, ile mashine ya Marekani ya kurekodi vipindi vya televisheni, ilikuwa inatumia Linux na msimbo ilitoa, ila ukiubadilisha mashine haikubali. Ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, na shirika lake la Free Software Foundation waandike GPL toleo la 3, lililotoka Juni 2007, ambalo linamdai muuzaji wa kifaa cha nyumbani atoe pia taarifa za kusakinisha, zikiwemo funguo kama zinahitajika. Linux yenyewe ilibaki toleo la 2. Kampuni za simu zinapumulia hapo hapo, kwa hiyo usidanganywe na maneno "tunatumia chanzo huria" kwenye boksi. Muulize ufunguo anao nani.

Na wenye ufunguo hawaishii kukunyima, wanaweza hata kukupokonya ulichokwisha kununua. Sony waliiuza PlayStation 3 ikiwa na uwezo wa kuwekewa mfumo mwingine kama Linux. Aprili 2010 wakatuma sasisho la kuuondoa. Mtu aliyekataa sasisho alifungiwa kucheza mtandaoni, na aliyelikubali akapoteza Linux yake. Kitu kiko sebuleni kwako, umeshakilipia, halafu kuna mtu yuko mbali anakuchagulia hasara!

Nikilalamika hivi kuna anayeniambia, "kwani unataka programu za bure?" Hapana. Wazungumzaji wa Kiingereza wana neno moja, "free", linalobeba maana zote mbili, wanahangaika kueleza miaka nenda rudi. Sisi tumejaliwa mawili: bure ni bei, huru ni hali. Mimi nitalipa. Ninachodai ni programu huria: niitumie kwa kazi ninayotaka, niichunguze na kuibadili, nimpe mwenzangu, na nikiirekebisha nimpe niliyoirekebisha.

Hoja ya usalama siikubali hata kidogo. Simu za Google Pixel, zile zisizofungwa na kampuni ya mtandao, unafungua butloda mwenyewe, unaweka mfumo mwingine kama GrapheneOS, kisha unaifunga tena kwa ufunguo wa mfumo huo. Ukaguzi wa saini unaendelea vilevile. Mwizi hapati mwanya. Kufuli ni zuri, alimradi mwenye nyumba ndiye anayeamua funguo zipi zifungue. Kwa hiyo hawa wanaosema haiwezekani, wanasema hawataki.

Kinyume chake, angalieni rauta. Linksys WRT54G ilipogundulika kuwa na Linux ndani, watu waliudai msimbo, ukatolewa 2003, na mwaka uliofuata ukaanza mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa rauta. Rauta yangu mimi ni kuukuu, kiwanda kiliisahau zamani, lakini ina OpenWrt na bado inapokea masasisho ya usalama. Taa zake nne zinawaka kijani hapa pembeni ninapoandika, na juu yake ndipo nimeiweka simu iliyokufa ikiwa nzima.

Kosa langu nalijua: nilinunua kwa kuangalia kamera. Siku hizi kabla sijatoa pesa naingia kwanza kwenye orodha ya vifaa vya LineageOS au OpenWrt, natafuta namba kamili ya modeli, maana jina moja la simu linaweza kuwa na matoleo mawili, moja linafunguka na jingine halifunguki kamwe. Muuzaji akishindwa kunijibu kuhusu butloda, naondoka. Kwa vifaa vya kompyuta naangalia pia vyenye cheti cha Respects Your Freedom ("kinaheshimu uhuru wako") cha Free Software Foundation. Orodha ni fupi, na ufupi wake nao unanikera.

Sasa naomba jambo moja. Kama umefungua butloda ya simu yako kwa njia halali, andika hapa chini modeli kamili, mwaka ulionunua, na kama walikudai uombe namba ya kufungulia au usubiri siku kadhaa. Na kama walikukatalia, andika pia, kwa modeli, ili anayetaka kununua kesho ajue.