Windows au Linux kwa kompyuta ambayo Windows 11 inaikataa: ulinganisho

Mtunza_Hesabu: Ndugu wanajukwaa, ninatunza hesabu za duka kwa kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 na RAM ya GB 8. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yangu haimo katika orodha ya Windows 11. Je, ninunue kompyuta nyingine au nihamie Linux, ule mfumo endeshi wa bure?

Fundi_Ziwani: Usiitupe. Linux Mint 22, toleo la Linux lililojengwa juu ya toleo jingine liitwalo Ubuntu 24.04, itapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029, na GB 8 zinaitosha kabisa. Iandike kwenye flashi, washa kompyuta kutoka humo bila kusakinisha chochote, kisha jaribu Wi-Fi, sauti na printa. Baadhi ya chipu za Wi-Fi za Broadcom huhitaji kiendeshi (driver) cha ziada, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujafuta diski.

Mhasibu_Pwani: Mkuu, tuanze na programu anazozitegemea. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayotumika kwenye Linux, hufungua mafaili ya Excel vizuri, lakini makro (amri za kujiendesha ndani ya faili) zilizoandikwa kwa VBA, lugha ya Microsoft, mara nyingi hukwama, na programu nyingi za uhasibu zimetengenezwa kwa ajili ya Windows pekee. Akiwa nazo, kompyuta iliyotumika ya kizazi cha 8 yenye leseni halali itamsumbua kidogo zaidi.

Mwalimu_Tehama: Hilo la leseni halali linaniuma sana, kwa sababu wengi hudhani Windows nayo ni ya bure, kwa kuwa fundi huwawekea iliyovunjwa leseni. Programu za kuvunja leseni kwa kawaida humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi, jambo la hatari kubwa kwenye kompyuta yenye hesabu za duka na nywila za benki. Linux unaruhusiwa waziwazi kuinakili na kuigawa. Uhuru wa namna hiyo ndio uliowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kushiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, bila kuomba kibali cha kampuni yoyote.

Mtunza_Hesabu: Nashukuru. Mafaili yangu hayana makro. Je, mifumo yote miwili inaweza kukaa pamoja kwa muda?

Fundi_Ziwani: Inaweza. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha angalia kama BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo wa siri, imewashwa. Ikiwa imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha nje ya kompyuta kabla ya kugawa diski, kwani Windows inaweza kuudai baada ya mabadiliko hayo. Miamala ya benki ihamishie Linux mara moja, kwa kuwa huduma ya kawaida ya Windows 10 imekoma.