Mwaka wa pili wapishe hosteli? Mimi nasema hapana

Mleta mada:
Wakuu, salamu kutoka Dodoma. Vyuo vikikaribia kufunguliwa hoja hii haikosi: vitanda vya hosteli wapewe kwanza mwaka wa kwanza, wa mwaka wa pili wameshakuwa wenyeji, wakapange mtaani. Kwamba mtoto aliyeshuka basi jana kutoka Kigoma hawezi kuanza kusaka geto, hilo sipingi. Ninachopinga ni ile dhana iliyojificha humo, kwamba mwaka wa pili ni mteremko.

Mwaka wa kwanza unapokelewa. Unashuka stendi ya Nanenane na begi na bahasha ya vyeti, viongozi wa wanafunzi wanakuonyesha foleni ya usajili, ukipotea kwenye vilima vya Chimwaga chuoni watu wanacheka na kukuelekeza. Mwaka wa pili unashuka stendi ileile, hakuna mwenye habari na wewe. Wale wa chumba kimoja wametawanyika, mmoja kadisko, yaani kafeli na kuondolewa chuo. Na GPA, wastani wa alama unaoishia 5, sasa unayo. Aliyetoka na 2.6 kwenye kozi ya miaka mitatu, akitaka kumaliza na 3.5 ya daraja la pili la juu, anahitaji wastani wa karibu 4.0 miaka yote miwili iliyobaki, kama uzito wa masomo unalingana. Huyo ndiye tunayemwambia akahangaike na dalali.

Halafu kuna bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo. Kwa anayeendelea na masomo, mpaka chuo kipeleke matokeo Bodi ya Mikopo na ionekane amefaulu. Likitoka, 10,000 kwa siku, awamu ya siku 60, ni 600,000. Tuseme amepata chumba cha 50,000 kwa mwezi mtaani Ng'ong'ona na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita: 300,000 hiyo, hajanunua godoro, ndoo wala mtungi wa gesi. Atakula nini mpaka awamu ijayo? (Na wasio na mkopo kabisa sijawagusa.)

Karibuni tujadili, matusi hapana.

Mwaka wa tatu, Ualimu:
Mkuu, unadekeza watu. Geto ndilo lililonifundisha bajeti. Hosteli niliyokaa kupika ilikuwa marufuku, kila mlo unanunua. Huku tunachanga watatu, unga na maharage tunachukua soko la Majengo, wiki inakatika. Hiyo GPA ya 2.6 aliipata akiwa hosteli, au siyo?

Mzazi, Kondoa:
Hesabu za chakula mmezipiga vizuri. Mimi nina binti. Akitoka kujisomea saa nne usiku, hosteli ni hatua chache. Mtaani ni bodaboda asiyemjua, au ile njia ya vumbi isiyo na taa. Mwaka wa pili hauongezi ulinzi wowote.

Mwenye nyumba, Ng'ong'ona:
Wanangu, mnatusema kama majambazi. Miezi sita siipendi, nimelazimika. Masomo yakiisha mnakwenda likizo na mafunzo kwa vitendo, chumba kimefungwa kufuli, ndani mna vitanda na majaba yenu, simu haipatikani. Siwezi kumpangisha mwingine, siwezi kuvunja. Nikikupa mwezi kwa mwezi, kuanzia Julai mpaka chuo kifunguliwe nadai nani? Hosteli hamlipi mwezi kwa mwezi, mbona huko hamlalamiki?

Mleta mada:
Mwaka wa tatu, 2.6 wengine waliipata hosteli, kweli. Ndiyo maana sitaki wakaongezewe mzigo mwingine wakiwa wanajikwamua. Geto kwa anayelitaka, sawa, asilazimishwe tu.

Mama, hapo kwenye kufuli la likizo umenibana, shikamoo. Basi tukutane katikati: kodi iwe ya miezi miwili miwili, inaendana na bumu, na anayeondoka likizo aache vitu stoo akulipe nusu. Ukikubali hilo naanza kulegeza msimamo. Suala la binti wa Kondoa bado sijaona aliyelijibu.