CBC (mtaala wa umilisi) ndio inafukuza walimu ama ni vile tunashughulikiwa?

TichaKayole
Wadau niaje. Nafunza JSS (sekondari ya chini, Gredi 7 hadi 9) huku Kayole, nimesomea Hisabati na Fizikia lakini kwa taimtebo niko pia na Kilimo na Lishe na Sanaa na Michezo, juu walimu ni wachache. Wenzangu wawili wameacha kazi, mmoja ameenda Qatar, na kila mtu anasema ni mtaala umewachosha. Mimi huu mtaala naupenda kabisa, watoto wanashika vitu kwa mikono, wanauliza. Sasa shida ni nini?

MadamGithurai
Mwalimu, shida ni vile watu waliingizwa. Gredi 7 ilianza Januari 2023 na wengi wakaletwa kama intani, yaani mkataba wa muda, 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, mtu ako na digrii na namba ya TSC (tume ya walimu). Nairobi hii, toa kodi, toa fare, unabaki na nini? Ule mgomo wa 2024 ulikuwa wa kupinga huo mkataba. Na angalia hii, wale intani 46,000 walipopewa ajira ya kudumu Januari 2025, kwetu waliokuwa wanatafuta njia ya kutoka walitulia, na mtaala ulikuwa ni ule ule.

ChakiYaZamani
Madam nakusikia lakini mshahara sio yote. Mimi niko kudumu tangu 8-4-4, ule mfumo wa zamani, ikiwa na nguvu na nimechoka kuliko hao vijana. Mchana nafunza darasa limejaa hadi mlangoni, jioni natathmini mtoto mmoja mmoja, usiku napakia alama kwa mtandao wa KNEC (baraza la mitihani) na bando ni yangu, bado TPAD, ile tathmini ya kazi ya mwalimu, inaningoja. Tulifunzwa siku chache tu likizo kisha tukaambiwa endeni mkafunze. Kufunza kwenyewe ndio kulikuwa kunanifurahisha, na ndio sasa hakuna saa yake.

JSS_Umoja
Mmesahau heshima. JSS iko ndani ya primari, hedi (mwalimu mkuu) ni wa primari, pesa za Gredi 7 hadi 9 hatuulizwi, maabara hakuna. Mimi mtu akiniambia kesho kuna nafasi sekondari ya juu naenda, hata kwa mshahara huu huu.

TichaKayole
Asanteni, nimewasoma. ChakiYaZamani, kwenu mlijaribu kubadilishana vipindi na shule jirani? Kuna mwalimu wa Kilimo hapo karibu anahangaika na Hisabati, nataka nimuongeleshe hedi Jumatatu.

ChakiYaZamani
Ndio, ilifanya kazi terms mbili. Pata mahedi wote wawili waweke sahihi kwanza, afisa wa TSC wa sub-county ajue, ndio usiandikwe hukuwa kazini.