Tupeane uzoefu: picha kubwa ilivyokulaza macho na saiti yako

Fundi_Mdogo: Wakuu, leo mdogo wangu kanipigia karibu alie, anapandisha picha mstari unafika mpaka asilimia 100 halafu inatoka "HTTP error" basi. Nikakumbuka yangu ya mwanzo, nimezima plagini (vile vijiprogramu vya nyongeza vya saiti) moja moja, nimegombana na watu wa hosti wanaonitunzia saiti, siku 2 nzima, kumbe picha imetoka kwenye kamera vile vile ilivyo. Kama yamekukuta mwaga hapa.

mama_pacha: Yamenikuta. Yangu ilikuwa kosa 413, lile la faili kubwa mno, nikajua nimefungiwa.

KodiUsiku: 413 mara nyingi ni Nginx dada, programu ya seva inayopokea faili zako, kikomo chake usipokigusa ni MB 1. Ongeza client_max_body_size, imeisha hiyo.

Bwana_Seva: Haijaisha. PHP, lugha inayoendesha saiti, nayo ina vikomo vyake, upload_max_filesize (faili moja) MB 2, post_max_size (fomu nzima) MB 8. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitesa mimi, ukiizidi fomu inafika tupu, picha haipo, hata jina ulilojaza halipo. Saa 5 natafuta kosa kwenye kodi ambayo haina kosa.

KodiUsiku: Si ndo nilichosema, aongeze vikomo.

Bwana_Seva: Hukusema hivyo mkuu. Umesema imeisha.

DadaPicha: Jamani mimi vikomo niliongezewa vyote na hicho ndicho kilichoniponza. Napiga picha za harusi. Bibi harusi mmoja baba yake alikuwa amelazwa, hakuhudhuria, na asubuhi alikuwa anaingia kufanyiwa upasuaji, binti akaniomba albamu iwe hewani kabla ya hapo. Picha 400, kila moja MB 9 hivi, nikaziacha zinapanda usiku nikalala. Sasa kila picha ikiingia saiti inatengeneza nakala ndogo ndogo 6 au 7 na ile kubwa inabaki pale pale, na diski yangu ilikuwa GB 5 tu. Saa 10 alfajiri simu, saiti haifunguki. Diski imejaa pomoni, databesi haiwezi kuandika chochote, kuingia kwenyewe siwezi nikafute, na albamu za wateja wengine zote zimeenda na maji. Nikaingia kwa FTP, njia ya kufikia faili za seva moja kwa moja, mikono inatetemeka, nafuta faili huku naangalia saa, nafuta naangalia saa...

mama_pacha: Mzee aliziona????

Fundi_Mdogo: Dada usituache hapo

DadaPicha: Aliziona 12. Nilizipunguza upana pikseli 1600 nikamtumia binti WhatsApp, akamshikia simu kitandani. Saiti ilirudi saa 1 kasoro. Na mzee alipona, yupo.

mama_pacha: Alhamdulillah. Nimelia mwenzenu.

Bwana_Seva: Pole sana dada. Ila wengi wanaangalia MB za faili, na hizo zinadanganya. Picha ya 6000 kwa 4000 ni pikseli milioni 24, seva ikiifungua kila pikseli inakula baiti 4, hapo ni MB 96 kwenye memori hata hujaanza kuipunguza, na PHP ya kawaida kikomo chake cha memori ni MB 128. Ndo maana JPEG ya MB 3 inaweza kuangusha saiti.

KodiUsiku: Weka memory_limit 512M ulale.

Bwana_Seva: Hosti ya kuchangia, seva moja saiti kibao, nani atakupa 512?

kijana_wa_plagini: Mbona WordPress, programu ya kuendeshea saiti, tangu toleo la 5.3 inapunguza yenyewe mpaka pikseli 2560?

Bwana_Seva: Inapunguza, lakini lazima iifungue kwanza. Hapo kwenye kufungua ndipo inapofia. Punguza kwenye kompyuta yako kabla hujapandisha.

mama_pacha: Mimi naipiga skrinshoti tu, inapanda.

DadaPicha: Usifanye hivyo kwa picha za watu dada yangu, inaharibu ubora.

Fundi_Mdogo: Mdogo wangu kaipunguza hadi 2000, imepanda mara moja. Ila sasa anasema imelala ubavu, kwenye simu ilikuwa imesimama vizuri. Hii nayo ni nini?

Bwana_Seva: Programu aliyopunguzia imefuta EXIF, maelezo yanayofichwa ndani ya faili la picha, humo ndimo simu inaandika picha igeuzwe vipi. Aizungushe mwenyewe, aseve, apandishe upya.