Nyumba ya vijana wenye ulemavu wa akili mtaani kwetu: tusaini au tusisaini?

Jirani wa Kona
Wakuu, heshima zenu. Huku kwetu Dar, juu kidogo ya Kinyerezi, familia sita zimechanga zikapanga nyumba kubwa yenye uzio ili vijana wao wakae pamoja. Wote wamevuka miaka 18. Wengine wana usonji, wengine mtindio wa ubongo. Kutakuwa na walezi wawili mchana na mmoja usiku. Jumapili mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitisha kikao. Hajamaliza hata salamu, karatasi ya kupinga imeshapita mistari mitatu ya viti. Hoja zao ni usalama wa watoto, kelele usiku, na nyumba zetu kushuka bei. Mimi sikusaini, ila sikusema kitu pia. Nilijifanya napokea simu. Jumapili ijayo tunarudi. Nyie mngefanyaje?

Dalali Msomi
Mimi nauza viwanja na nyumba upande huo, ngoja niseme wanachokificha wenzangu. Mteja akija na gari lake akakuta kijana wa miaka 25 anapiga geti makofi na kuimba, hashuki. Anageuza palepale. Simchukii zezeta wa mtu, ila biashara ni biashara. Mirembe ipo, Nunge ipo. Serikali iliviweka vya nini?

Mama Wawili
Zezeta? Rudia tena nisikie vizuri. Mwanangu ana jina.

Bibie wa Ilala
Dalali, Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, hakuna dozi ya kumeza ukapona. Na Nunge ya Kigamboni ni makazi ya wazee wasiojiweza. Unataka kijana wa miaka 20 akazeeke huko kabla ya wakati?

Dalali Msomi
Mama Wawili, samahani kwa neno, nimelifuta moyoni. Bei sijaifuta.

Fundi Sakafu
Kelele! Mtaa huohuo nimepiga tailizi nyumba nne, naujua. Kuna baa inapiga muziki mpaka saa tisa usiku Ijumaa na Jumamosi, kuna mkesha wa spika sita, na kuna jirani mwenye jenereta kama treni ya reli ya kati. Karatasi ya kuwapinga hao iko wapi? Nisaini hata kwa dole gumba.

Mkesha Daima
Fundi, mkesha umeingiaje hapa? Maombi ni kelele?

Fundi Sakafu
Spika sita, ndugu yangu. Mungu hana tatizo la masikio.

Kijana wa Kijiwe
😂😂 Naweka kambi hapa. Ila jamani si wanapewa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri? Wajenge kwao.

Bibie wa Ilala
Asilimia 10 ni ya makundi matatu: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Na ni mkopo, unarudishwa. "Kwao" ni wapi? Hao wamezaliwa Dar.

Mjumbe Mstaafu
Wanangu, nimekuwa mjumbe wa nyumba kumi miaka mingi. Sheria ya 2004 inasema wazi mlemavu ana haki ya kuishi na jamii. Kikao cha mtaa hakiwezi kumfukuza mpangaji aliyelipa kodi. Mwisho wa maneno.

Bibie wa Ilala
Shikamoo mzee. Ya 2004 ni Sera. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia 2009. Kifungu cha 19 kinasema mtu achague mwenyewe akae wapi na akae na nani, asilazimishwe kituo. Sasa mimi nauliza: kwa Sheria hiyo ya 2010 mtaa unatakiwa uwe na kamati ya watu wenye ulemavu. Jirani wa Kona, ya kwenu ulishaiona?

Jirani wa Kona
Kamati ya ulinzi naijua, nadaiwa miezi miwili. Hiyo nyingine ndiyo naisikia leo.

Mjumbe Mstaafu
Marahaba. Sera, sheria, yote yametoka serikalini. Unanirekebisha mbele za watu kama mtoto wa shule.

Msema Kweli 77
Wote mnazunguka mbuyu. Watoto wa hivi wengine wanatokana na mambo ya wazazi, ndagu na utajiri wa haraka. Ukiwakusanya sita nyumba moja unajua umeleta nini mtaani?

Mama Wawili
Mwanangu hakulia alipozaliwa. Uchungu ulinishika tangu jana yake, mkunga akawa anatuambia tusubiri zamu ibadilike. Alipotoka alikuwa wa bluu. Hewa ilichelewa kufika kwenye ubongo, basi. Ndagu gani, mimi nilikuwa nauza vitumbua na mpaka leo nauza vitumbua? Huo utajiri nani alikula?

Fundi Sakafu
Msema Kweli, umepewa jibu. Kaa chini.

Theluji na Ugali
Nimesoma nikacheka na kusikitika. Niko Minnesota mwaka wa kumi na moja na kazi yangu ndiyo hii hasa. Nyumba ya kawaida katikati ya mtaa, wakazi wanne, walezi kwa zamu. Zamu ya usiku ukipita jikoni utasikia Kiswahili, sisi na Wakenya tumejaa humo. Haya mnayobishana Marekani waliyamaliza zamani. Mji wa Cleburne, Texas, uliikatalia kibali nyumba ya watu 13 wenye ulemavu wa akili. Sababu zao: majirani wanaogopa, kuna shule ng'ambo ya barabara, na nyumba iko kwenye bonde linaloweza kupata mafuriko mara moja kwa miaka 500! Ikaonekana shule yenyewe ina wanafunzi kama 30 wenye ulemavu huohuo. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hofu tupu si sababu. Mwaka 1988 ulemavu ukaingizwa kwenye sheria ya makazi. Watu huku walishapevuka, nyie bado mnaogopa mtu anayeimba getini.

Kijana wa Kijiwe
Mafuriko ya miaka 500! Sisi Jangwani ni kila masika na hakuna anayenyimwa kibali 😂

Dalali Msomi
"Walishapevuka." Kumbe lile boksi lenyewe, hizo kazi za ughaibuni mnazojivunia, ni kuwabadilisha watu wazima pampasi! Na picha za kuegemea gari la bosi mnatutumia kila Krismasi.

Theluji na Ugali
Ndiyo, nawabadilisha. Nawaogesha, nawalisha, nawapeleka bwawa la kuogelea Alhamisi. Na hilo boksi limemlipia mdogo wangu ada mpaka chuo. Wewe dalali unakula kwa kumuonyesha mtu nyumba isiyo yako.

Dalali Msomi
Nyumba isiyo yangu ila nalala kwangu. Wewe unalala zamu.

Mkesha Daima
Halafu watu wa nje mkirudi likizo mnaleta dharau. Mwaka jana mmoja alikataa maji ya kisima, eti tumbo.

Boda wa Segerea
Tuseme ukweli, kubeba boksi kuna siku za kulia. Shemeji yangu yuko Houston, anasema kodi inameza nusu ya mshahara. Hapa Dar angekuwa na bodaboda tatu.

Theluji na Ugali
Bodaboda tatu zinazoibwa mbili.

Boda wa Segerea
Unasema madereva ni wezi? Fafanua.

Fundi Sakafu
Nyumba ya Kinyerezi imeshageuka Houston. Endeleeni tu.

Mama Wawili
Nimeshuka chini kote huko, ni boksi tu. Mniruhusu.

Wangu ana miaka 22. Kila siku saa moja asubuhi anakwenda duka la Mangi na noti mkononi, ananunua mkate. Mangi hamuulizi kitu, anampa mkate na chenji, na chenji anaifunga kwenye kikaratasi. Miaka sita sasa. Siku moja wakachimba mtaro wa bomba, njia yetu ikafungwa. Ikabidi azunguke, akapotea. Aliyemrudisha ni kijana wa kijiwe cha bodaboda. Alimkuta amekaa Mawenzi na mkate haujaguswa, akasema "huyu si wa kwa Mangi?" Hicho ndicho ninachoita mtaa. Hakuna aliyefundishwa semina. Walimzoea kwa kuwa anatoka nje kila siku. Jirani yangu wa pili naye ana binti kama wangu, namjua kwa sauti tu. Hajawahi kutolewa getini.

Tarehe 2 Aprili watu wanavaa bluu kwa ajili ya usonji. Tarehe 3 wanafunga geti.

Nina sukari na presha. Mwanangu ana kaka Mwanza, ila mke wa huyo kaka hajawahi kulala nyumba moja na mwanangu. Mimi nikifa, nani anampa ile noti saa moja asubuhi? Hao wazazi sita wamejiuliza hilo, ndiyo maana wamepanga nyumba. Dalali, nijibu hilo. Bei baadaye.

Dalali Msomi
Dada, pole sana kwa maradhi. Ila aliyeanza habari za kupevuka ni huyo wa Minnesota.

Bibie wa Ilala
Jibu swali.

Boda wa Segerea
Mama, kama ni kijiwe ninachokidhani, huyo aliyemrudisha ni mwenzetu na anamjua mwanao mpaka leo. Na mimi bado nasubiri mtu afafanue "zinazoibwa mbili".

Theluji na Ugali
Mama Wawili, nikuambie kitu nilichokificha hapo juu. Tulipofungua nyumba ya mwisho, jirani alipiga simu polisi mara tatu mwezi wa kwanza kwa sababu mkazi wetu anapenda kusimama barazani kutazama magari. Kwa hiyo nimetia chumvi kusema wamepevuka. Sheria ilitulinda tusifukuzwe, haikutuletea hata sahani ya keki. Na wenye duka wanabadilika kila miezi michache. Mangi wa miaka sita huku sijampata.

Msema Kweli 77
Kwa hiyo mnakubali kuna usumbufu.

Fundi Sakafu
Wewe bado uko hapa?

Jirani wa Kona
Wakuu, mrejesho. Kikao kimesogezwa wiki mbili kwa sababu ya msiba. Mwenyekiti anasema sasa suala si tena vijana, ni kama nyumba ya kupanga ya watu sita inahitaji kibali cha biashara. Mzee mmoja akamuuliza mbona wanafunzi wanane wamepanga nyumba ya nyuma yake bila kibali, akajibu tutalijadili. Karatasi ya kupinga ina majina 41. La mke wangu lipo. Alisaini nilipokuwa nje na ile simu.

Mama Wawili
Nipe namba ya mwenyekiti inbox. Na unielekeze daladala ya kushukia, nitakuja naye.