Mabaka ya duara miguuni kwa mtoto: ni choa au pumu ya ngozi?

Mama wa Tanga: Mwanangu wa miaka 6 ana mabaka ya duara, makubwa kama sarafu ya shilingi 200, yanayotoa majimaji na kumwasha usiku hadi shuka linapata damu. Nimempaka klotrimazoli, dawa ya fangasi, kwa wiki 4 bila nafuu yoyote. Je, hiki ni choa kweli?

Tabibu wa watoto: Pole sana, dada. Choa kwa kawaida huinuka pembeni na kupona katikati, ilhali pumu ya ngozi ya aina hii hujaa magamba na majimaji baka zima. Hata hivyo macho hudanganya, kwa hiyo omba magamba yakwanguliwe na kupimwa kwa hadubini kabla ya kumpaka steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), kwani dawa hiyo hufifisha wekundu wa choa huku fangasi wakiendelea kuenea.

Baba Salma: Binti yangu alipopimwa hawakuonekana fangasi. Aliandikiwa steroidi ya kupaka juu ya mabaka tu, pamoja na mafuta ya mgando, ambayo tunampaka akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Tabibu wa watoto: Vyema. Mkiona vigaga vya rangi ya asali, usaha au homa, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda bakteria wameingia.