Teksi zisizo na dereva zikikutana na ambulensi inakuwaje?

mkazi_umoja: Wadau naomba kuuliza. Hizi teksi za Marekani zinazojiendesha, king'ora zinasikia kweli? Na ikigoma katikati ya barabara zima moto wanaongea na nani sasa?

fundi_ngara: Kusikia zinasikia, zile za kampuni ya Waymo zina maikrofoni za kunasa king'ora. Shida ni kujua ifanye nini baadaye. San Francisco Januari 2023 zima moto walivunja kioo cha gari ya Cruise, kampuni nyingine ya teksi hizo, ndio isikanyage mipira yao ya maji, mkuu wao Jeanine Nicholson akazipinga wazi. Agosti 10 California ikaziruhusu kubeba abiria wa kulipa mchana na usiku mji mzima, tarehe 17 Cruise ikagongana na gari la zima moto, abiria akaumia. Cruise walisema king'ora ilisikia, ila lori la zima moto lilikuwa limetokea upande usio wake na teksi ilikuwa na taa ya kijani. Serikali ikawaambia wapunguze magari nusu.

dere_wa_king'ora: Hapo kwa upande usio wake ndio kazi yetu ilipo. Naendesha ambulensi hapa tao Nairobi, na barabara ya Mbagathi jioni king'ora peke yake ni kelele tu, mwenzangu anatoa mkono dirishani anapiga bodi ya matatu "dere panda juu, panda!" na dere anapanda ukingo, mwingine anarudi rivasi, mwingine anavuka taa nyekundu na tunapita. Sasa gari iliyofundishwa isivunje sheria itasimama hapo hapo kwa adabu zake zote na mgonjwa yuko nyuma.

Shiru_K: Tusijifanye watakatifu lakini, kuna matatu hujibandika nyuma ya ambulensi zitoke jam. Roboti haina hiyo tabia.

dere_wa_king'ora: Hiyo ni kweli dadangu, na maprado pia.

fundi_ngara: @mkazi_umoja kuna namba ya simu kampuni imewekea watu wa dharura. Lakini fikiria moto umeshika soko la Gikomba na wewe umeshikilia laini. Halafu Desemba 2025 stima ilipotea San Francisco, taa za barabarani zikazima, Waymo kibao zikakwama kwa njia panda.

mkazi_umoja: Stima tena?? Basi huku ni kila mara. Na ishara ya mkono ya trafiki itaelewa?

Shiru_K: Waymo wanasema inasoma. Ila trafiki wa Nairobi anapunga mkono akiongea na simu, hata mimi sijuangi kama ameniita ama anasalimia mtu.